Syombua Ndiye Anafinya Breki

Nthenya uko? Niko nyuma ya gereji ya bwanangu hapa Ikutha, nachungulia.

Nimemletea Kitonga isyo ya mchana, yale mahindi na maharagwe yake, nimkute na nani? Syombua! Yule wa duka la spea!

Kitonga ameweka raba mpya kwa breki ya mbele ya ile pikipiki ya marehemu babake, sasa anatoa hewa kwa oili ya breki. Hiyo ni kazi ya watu wawili, na siku zote mwenye kufinya mkono wa breki ni mimi. MIMI. Leo yeye amechuchumaa na spana, Syombua amesimama juu yake anafinya.

"Finya. Shika hapo hapo. Haya, achilia mama."

Mama! Hiyo sauti nilidhani ni yangu peke yangu.

Sasa sikia ujinga wangu. Mwenye kufinya ndio huangalia oili kwa kile kikombe cha breki kwa usukani. Nikaona inaisha, na ikiisha hewa inaingia tena. Nikanyamaza. Nikasema wacha aharibu, afukuzwe.

Ikaisha. Breki ikalegea kabisa. Kitonga akacheka tu, "Si neno, Syombua. Tunaanza upya, pole pole."

Nthenya, wanaanza UPYA. Na ni mimi nimewaongezea muda.