Chupa Iliyogeuzwa

Jumanne, jioni

...na mashine haikukosea, hilo ndilo linaloniuma. Imefanya vile nilivyoifundisha.

Asubuhi kamera yetu hapa kiwandani ilikataa kreti moja ya maziwa ya ngamia. Chupa zote zilikuwa nzima na vifuniko vimefungwa vizuri, ila moja ya pembeni lebo yake ilitazama nyuma. Nikamwambia Halima, anayepanga kreti, awe makini.

"Sijakosea, dada," akasema. "Hayo ni maziwa ya Kipsing. Yanatoka mbali, yanawahi kuchacha. Tunageuza lebo ili mwenye duka aanze kuuza hayo. Marehemu mama yako ndiye alinifundisha."



Mama alipanga kreti hapa miaka mingi, Allah amrehemu. Nilipokuwa nikiifundisha hii akili bandia ya kamera nilipewa picha za kreti zake. Kila nilipoona chupa imegeuka niliandika "kasoro". Nilidhani ni uzee. Na alikuwa hai wakati huo, nyumbani Chechelesi, tunakula naye kila jioni. Sikumuuliza hata siku moja.

Kuirekebisha mashine ni kazi ya siku mbili. Meneja amekubali.

Lakini leo nimezifungua zile picha nikitafuta mikono yake, na ile pete aliyokuwa haivui. Hakuna. Niliikata mikono hiyo pichani mwenyewe, picha moja baada ya nyingine, ili mashine ione chupa tu.