Daftari la Migomba Lisilo na Jina

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana tangu Jumapili hasira imenikaba hata rozari simalizi. Tangu mwaka 1965 naandika kwenye daftari la shule habari za migomba yetu hapa Kamachumu, ipi imeliwa na wadudu, ipi imestahimili, shamba la nani, na mwaka jana mtoto wa kaka yangu, Philbert, anayesoma chuo kikuu Dar es Salaam, akaniambia, “Shangazi, niazime, Pasaka nalirudisha,” nikampa, nikamfungia na ndizi za njiani, Pasaka ikapita, na sasa ripoti yake ya chuo juu ya kilimo chetu imeletwa kijijini, bwana shamba akaisoma mkutanoni: “Wakulima wa hapa hawana kumbukumbu zozote za maandishi.” Hawana! Na hesabu zote za ukurasa wa pili ni zangu! Eti kwa hiyo shamba la ujamaa lipandwe bondeni, nami nimeandika mara mbili kwamba bondeni migomba ilianguka kabla ya kuzaa. Nikasimama nikasema daftari lipo. Bwana shamba akacheka, “Mama, lete hilo daftari tulione.” Nililete kutoka wapi? Nikamwandikia Philbert, akajibu kwamba daftari si kitabu, halijachapwa, tena halina jina, angesema ni la nani? Kweli sikuliandika jina, niliona ni majivuno mbele ya Mungu. Kupanda ni mwezi ujao. Nifanyeje?

Mama mmoja, Kamachumu

Mama wa Kamachumu, pole, una haki ya kukasirika. Kijana amekula ndizi zako na daftari lako, kisha anasema hakukuta chakula! Maandishi yasiyochapwa ni ushahidi kama mengine, na msomi anayeyatumia hutaja ameyapata wapi. Lakini nawe umekosa. Daftari la pekee unalitoa bila kunakili hata ukurasa, kwa sababu ni mtoto wa kaka? Na jina, mama! Padri akiandika ubatizo hutia sahihi. Nani amemwita mwenye majivuno?

Leo hii nenda kwa kaka yako, amwandikie mwanawe: daftari lije kwa rejista, pamoja na barua kwa mwenyekiti wa kijiji ikieleza hesabu zile alizitoa wapi. Usikae kusubiri. Wafuate waliopoteza migomba bondeni, mkumbushane, uandike upya, watie sahihi au dole gumba. Nakala moja kwa mwenyekiti kabla ya kupanda, nyingine parokiani, na juu ya kila moja jina lako lote.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta pa kukujibu kwa posta. Umemtaja Philbert. Wewe hukujitaja. Anzia hapo.