Kwa Nini Vilima Vyetu Vina Lugha Nyingi

Mama,

Ni siku hamsini tangu tukuzike hapa Likoni, na bado napakua sahani yako. Mwanao Hamisi huiona, huifunika kwa kawa.

Nakumbuka nilipoletwa kwako bibi arusi, Msagalla asiyejua Kiswahili cha kujibia salamu. Wewe ulinikalisha tukikuna nazi, ukataka nikufundishe neno moja la kwetu kila siku. Ukashangaa nilipokwambia kuwa vilima vya Taita twaonana toka kimoja hadi kingine, na bado kila upande una usemi wake. Ilhali Wakamba, nchi yao pana yote, waelewana.

Uliniuliza mwaka wa ukame tulikula wapi. Nikasema nyumbani, kijito chetu hakikauki.

"Basi ndiyo sababu, mwanangu," ukasema. "Nyinyi mlishiba kwenu, hamkuwa na safari ya kwa jirani. Watu wa nchi kavu, mvua ikiwakosa, lazima wende mbali kuomba. Wataombaje wasipoelewana?"

Sijui wasomi wasemaje. Mimi nilikuamini. Na ukamkataza kila mtu kunicheka nikisema Kisagalla na binti yangu Mwanaisha.

Ulipofariki, wifi Riziki alinishauri niache, kwa nia njema. Uhuru umekuja, mtoto aanza shule, ya nini lugha ya kilima kimoja? Wallahi, mama, nilikaribia kuacha.

Kisha mamangu mzazi akaja kwenye arobaini yako. Yeye ambaye hakunena nami tangu niolewe, kwa sababu ya dini. Alipanda gari la moshi, akavuka feri peke yake, bila neno la Kiswahili. Akakaa mkekani mbele ya Hamisi, akasema maneno mengi. Nilitaka kufasiri, nikajikuta nimejifunika uso kwa leso. Mwanaisha ndiye aliyesema, "Baba, bibi asema alikuwa na hasira nawe. Amekuja kukwambia zimekwisha."

Hamisi alilia, mama. Hata siku ya maziko hakulia vile.

Jambo moja laniuma. Miaka saba ulijifunza changu, na mimi Kidigo chako sikukishika, maana ulinirahisishia kwa Kiswahili. Nisamehe. Jumamosi naenda Mtongwe kwa dada yako, amekubali kunifundisha. Nitakosea sana, naye atacheka, lakini sitaacha mpaka niweze kumsimulia mjukuu wako habari zako kwa maneno yako mwenyewe.

Pumzika, mama. Mola akutilie nuru huko uliko.

Mkaza mwanao,
Mariamu