Tangi Lililoliwa na Chumvi

Iyunga, Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Mama Tumaini, mke wangu,

Kamwene. Bwana amenifikisha Jumapili nyingine nikiwa na pumzi, namshukuru. Kifua cha mama kinaendeleaje? Bado anakohoa asubuhi? Mwambie asitoke bila kitenge. Baridi ya Ilula naijua, ingawa hii ya huku ni baba yake.

Jana kwenye simu nilikwambia fuso lisije Alhamisi kuchukua lile tangi la sosi ambalo kiwanda chetu kinawauzia. Ukaniuliza kwa nini, nikakuaga. Nilijua umeweka sauti kubwa na kina mama wa kikundi wamekaa hapo wanasikiliza. Niliona haya. Sasa naandika, maana karatasi haimkatizi mtu.

Tangi lile msilichukue. Limeoza.

Utasema, "Si wewe uliyetuambia ni stenlesi halisi?" Ni mimi. Nilichukua sumaku ya spika ya redio, nikaibandika tangini, ikaanguka, nikawatumia video, mkapiga vigelegele. Huku wote tunapima hivyo: sumaku isiponasa, basi chuma hicho hakitaona kutu mpaka Yesu arudi. Niliamini hivyo kabisa.

Jumatano meneja akanipa grainda, niling'arishe kabla gari lenu halijafika. Nikafungua mfuniko wa chini, nikavua mpira wake. Mama Tumaini, nilitapika. Chini ya mpira kulikuwa na ute wa kahawia, unavutika kama kamasi, na harufu ya nyanya mbovu iliyochanganyika na kutu, utadhani umelamba msumari. Nikamulika ndani kwa tochi. Ukuta mzima una vitundu, kila kimoja kama ncha ya sindano. Nikachomeka waya, ukazama. Ni kama jino bovu: juu tundu, ndani pango. Na humo pangoni mna sosi ya tangu lini, Mungu ndiye ajuaye. Sosi hiyohiyo niliwaletea Krismasi tukalia kuku!

Nikamwita Mwakalinga, yule fundi wetu wa kuchomelea. Akachungulia, akaguna.

"Mzee wa kanisa, nani alikuwa analiosha hili?"

"Mimi."

"Kwa dawa gani?"

Nikamwambia. Kila Jumamosi natia klorini, naizidisha, naiacha ilale humo mpaka Jumatatu, ili Siku ya Bwana ipite chombo kikiwa safi.

"Ndaga, pole mzee! Umelibatiza mpaka limekufa."

Akacheka, kisha akanihurumia, akanieleza. Kumbe stenlesi si ya aina moja. Kinachoikinga ni utando mwembamba usioonekana kwa macho, na chumvi na klorini ndizo zinazoutoboa, hasa zikipata moto, au zikijificha chini ya mpira ambako maji ya kusuuza hayafiki. Tangi letu ni la namba 304, lingefaa maziwa. Kwa sosi ya moto yenye chumvi ilitakiwa 316, iliyoongezewa madini ya kuvumilia, nayo ni ghali. Hata hiyo, klorini yangu ya kulala ingeiumiza. Na sumaku haizitofautishi hizo mbili.

Nikamfuata meneja. Akanijibu huku anatafuna karanga: "Ziba vitundu, piga msasa, ng'arisha. Kina mama wa kijijini wanataka chombo cha kujiangalia uso tu." Na anajua wewe ni mke wangu! Niliutazama mdomo ule unavyotafuna, nikaona kinyaa kikubwa kuliko nilichokiona tangini. Nikaweka grainda miguuni pake.

"Ataling'arisha mwingine," akasema.

Na kweli, Ijumaa nililikuta linametameta kama kikombe cha meza ya Bwana. Ndiyo maana naogopa. Mkiliona mtalipenda.

Kazi bado ninayo, sijui mpaka lini. Niombee.

Wasomee kina mama barua hii yote, hata hapo pa klorini, usiruke. Waliniamini kwa sababu ni mzee wa kanisa, si kwa sababu najua vyuma. Kwa sasa pikeni sosi yenu kidogokidogo kwenye sufuria zenu, na chumvi isilale ndani. Siku mkipata tangi jipya, muuzaji aoneshe karatasi yenye namba. Akikuletea maneno matamu, ondoka.

Msalimie mama, na shemeji Yohana anayetuangalizia ng'ombe, na binti yetu Tumaini, aache kulala na simu. Barua hii anakuja nayo mwinjilisti wetu, mpe chai.

Sumaku nimeitia humu kwenye bahasha. Mpe Mama Rehema, fundi cherehani wetu, aokotee sindano zake. Huko haitamdanganya mtu.

Mumeo akupendaye katika Bwana,
Baba Tumaini