Sura Katika Vitone

Jumatano, usiku

Bado sijui niite nini nilichokiona leo, na wa kumwambia sina.

Mzee Komba alikuja dukani kutoka Mshangano na picha ndogo ya marehemu mkewe. Anataka fulana za arobaini. Picha ilikuwa imefifia, nikaigeuza kuwa vitone kwenye kompyuta, vikubwa penye kivuli na vidogo penye mwanga, ili ichapike kwa wino mweusi peke yake. Nilianza na vitone vikubwa, nikamgeuzia kompyuta aone.

Aliisogelea kompyuta. Kisha akasema, “Mwanangu, huyu siye mke wangu. Huyu ni mama yake.”

Nikamwambia picha ni ile ile aliyoleta, sijagusa sura.

“Mama mkwe hakuwahi kupigwa picha,” alisema.

Nikapunguza vitone haraka, na mkewe akarudi akitabasamu kama alivyokuwa. Nilidhani mzee atafurahi.

“Rudisha yule mama,” akasema. “Alifariki nikiwa mgodini. Sikumzika.”

Nikarudisha. Safari hii na mimi nilimwona: bibi kizee, midomo imefungwa, anatutazama. Labda ni macho yangu tu, kutwa nzima mbele ya kompyuta...

Mzee Komba alivua kofia, akainama kidogo.

“Shikamoo, mama.”

Alibaki ameinama. Kinachoninyima usingizi ni kwamba na mimi nilikuwa nasubiri aitikiwe.