Picha ya Baba Yako Getini

Nyumba ya Uani, Chumba cha Tatu,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. U mzima huko? Kifua kimeacha kukusumbua? Mimi nadunda. Jirani fundi cherehani anasema nimerudia ujana tangu nianze kutembea na kamera uliyonitumia, nami sina sababu ya kumbishia.

Kamera hizi zisizo na kioo ndani ni nyepesi, we acha tu. Juzi nilipanda mizani ya zahanati nayo shingoni, uzito ukapungua. Mpiga picha wa harusi, mwenye likamera kama tofali, ameniomba nimfundishe. Nikamwambia apange foleni.

Ulitaka picha ya baba yako akiwa kazini. Kazi gani, mwanangu? Kiwanda cha rangi kilimwachisha kazi tangu Januari. Kila asubuhi anavaa tai, anamuaga mama yako, kisha anakwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa hospitalini mpaka saa kumi. Nimemfuata siku sita. Skrini ya nyuma inainuka, unapiga kamera ikiwa tumboni na mtu hajui. Nimempata kasinzia mdomo wazi. Nimempata akila mkate nyuma ya mkoba. Ukiikuza picha, tundu la soli unaliona mpaka soksi.

Za mwizi arobaini. Tulipokusanyika mezani nikaipitisha kamera mkono kwa mkono. Mama yako alizitazama zote, akamuuliza, "Na hiyo tai nilikuwa naipigia pasi ya nini?" Mjomba wako fundi bomba akadakia, "Benchi hata kwangu lipo, shemeji." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baba yako aliendelea kukata nyama yake vipande vidogo vidogo.

Kesho yake akaja chumbani kwangu. Kaka yangu, aliyenibeba mgongoni nilipougua surua, akaniita mkubwa. Akasema, "Usimtumie mtoto hizo. Nipige moja tu, getini kiwandani, umtumie hiyo."

Tukaenda. Mlinzi alimkumbuka, akamwazima kofia ngumu kwa dakika tano. Baba yako akafunga kifungo cha shingo, akainua kidevu, akasimama kama siku aliyoajiriwa.

Sasa, kamera ndogo na betri yake ndogo. Nilikuwa nimeimaliza njiani nikimwonyesha muuza magazeti zile za benchi. Skrini nyeusi tii. Ningesema, angelia mbele ya mlinzi, na mimi nilikuwa na safari zangu. Nikabonyeza. Nikamwambia imetoka safi. Akanishika mkono, akashindwa kuuachia. Mlinzi naye akamwambia asije tena, atamponza.

Basi nakutumia za benchi, thelathini na moja. Ndizo zilizopo, na ni kazi ya mtu anayejua. Kila siku ananiuliza kama umeipata ile ya getini. Nimemwambia umeitundika ukutani. Akipiga simu, isifie kofia.

Nisalimie mumeo na mapacha. Mama yako anakusalimu. Baba yako amelala. Mola akufunike kwa rehema zake, wewe na nyumba yako.

Wako akupendaye daima,
Baba mdogo, bingwa wa lenzi