Sauti ya Katikati

Hamilton, Ohio
15 Aprili 2019

Dada yangu Ova,

Nyonga inaendeleaje? Nimetanguliza swali hilo mbele ya salamu zote kwa sababu nakujua: ukisalimiwa utajibu u mzima hata kama umeanguka jikoni na unajibu ukiwa sakafuni. Raelyn ameniambia sasa unatembea na fimbo hadi kwenye banda la kuku, na kwamba jogoo ameshaionja fimbo hiyo mara kadhaa. Namshukuru Mungu kwa ajili yako, na jogoo namwonea huruma. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyoruhusiwa. Magoti yananitabiria mvua, ila macho bado yanasoma, na maktaba ya mji wetu haijafungwa. Miti ya mbele ya nyumba imeanza kuchipua, na majirani wamerudisha viti vyao barazani.

Tangu tumzike kaka yetu Delmer hatujaandikiana ila kadi za Krismasi, nazo zako hazina kitu ila jina lako chini, kama hati ya karani wa mahakama. Sikulaumu, zangu ni hivyo hivyo. Leo nakuandikia kwa kirefu kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani, na nusu ya jambo hilo ni lako. Ni habari ya wimbo wa Mama. Tafadhali usiikunje barua. Nitaeleza yote, hata unayoyajua, ili nione kama bado tunayakumbuka kwa namna moja.

Unakumbuka Baba alivyotufundisha kuimba. Delmer alimweka barazani, akampa sauti ya kuongoza. Wewe alikuweka jikoni, ukapewa sauti ya juu. Mimi kitinda mimba nilipewa iliyobaki, ile ya chini, nikafundishwa bandani mbele ya nyumbu wetu wa kulimia. Kila mtu peke yake, mlango umefungwa. Mtu akikamatwa ametega sikio kwenye sauti ya mwenzake, jioni alikula maharage bila mkate wa mahindi. Baba alikuwa akisema kwamba anayemsikiliza mwenzake humfuata, na wakifuatana watatu kinachotoka si wimbo, ni kundi la kondoo. Basi tulishika sauti zetu kama watu watatu waliobeba meza, kila mmoja akijua kona yake tu. Watu wa redio walipokuja kututaka, walisema hawajapata kusikia watoto waliolingana vile. Hawakujua habari za nyumbu.

Nyimbo nyingine zote tulizoimba zilikuwa za watu wote. Ukisahau, utamsikia mtu akiziimba kanisani au dukani, zinakurudia. Lakini ule mmoja Mama aliutunga mwenyewe, dada yetu Ruthie alipofariki akiwa mchanga wa miezi michache, akazikwa upande ule wa mlima ambao barafu huchelewa kuyeyuka. “Jua hupita ng'ambo, mwanangu, nitakuletea kidogo viganjani.” Mama alikataa usiimbwe redioni. Aliwaambia kwamba nyimbo za kuuza zimo ndani, ziko tele, huu una mwenyewe. Uliimbwa mara moja kwa mwaka, kaburini, Jumapili ya Kupamba Makaburi, na sisi watatu, kwa sauti tatu, bila gitaa. Mama hakuuimba nasi hata siku moja. Alikuwa akisimama na ndoo yake ya maua, anatazama chini.

Nami nikaondoka Kentucky. Nilikuwa mmoja wa wale waliojaza mabasi kuja huku kutafuta kazi, nikasimama kwenye mashine za karatasi hadi nikastaafu. Nimesoma vitabu vingi juu ya watu waliohama, na vyote husema kwamba mhamaji hubeba kwao ndani yake. Hakuna nilichokisoma kinachosema atajuaje kama alichobeba bado ni kile kile.

Halafu Delmer akafariki, na sisi wawili tukasimama juu ya kaburi lake mbele ya bonde zima, tukitaka kumwimbia wimbo wa Mama. Yeye ndiye aliyekuwa akitutolea sauti ya kuanzia, na siku ile hakuwepo wa kuitoa. Wewe ulianza kwako, mimi nikaanza kwangu, na kilichotoka hata mbwa wa mchungaji kilimfukuza. Tulinyamaza kwenye mstari wa pili. Pale langoni ukaniambia kwamba nimeharibu wimbo wa Mama, kwamba Ohio imeniota masikioni kama kutu. Nikakujibu kwamba ninaouimba ndio wimbo wenyewe, wako ni kelele za paka juu ya paa, na moshi wa makaa ya mawe umekukaba koo. Ukasema mtu aliyekimbia hawezi kumfundisha aliyebaki. Hilo la mwisho, dada, nilirudi nalo Ohio. Paka na kutu ni matusi ya ndugu, yanapita. Lakini hilo niliona huenda ni kweli.

Tangu siku ile sikuimba tena. Kanisani nilikuwa nikifungua kitabu cha nyimbo na kufungua mdomo kama samaki.

Mwezi uliopita Raelyn akaja hapa na gitaa la babu yake Delmer. Unajua yuko Nashville sasa, anatunga na kuimba nyimbo zake, usiku analala kwenye gari akienda mji huu na ule, na anatengeneza albamu yake ya kwanza. Nilimpikia maharage. Akala, akanitazama, akasema, Babu Verlin, kwenye ukoo huu watu wanajua kupika kitu kimoja tu, na hata hicho mnakiunguza. Kisha akaniomba nimwimbie wimbo wa Mama. Nilimwambia siujui. Akasema, babu, ukidanganya masikio yako yanakuwa mekundu, na kwa ukubwa wake hayafichiki. Nikamwambia aende kwa bibi yake Ova, yeye ndiye aliyebaki. Hapo akaanza kukaza nyuzi za gitaa. Sikujua kwamba alikuwa ametoka kwako, kwamba wewe nawe ulikuwa umemwimbia kwa nota ya kuanzia ya gitaa hilo hilo, simu yake ikirekodi juu ya kopo la sukari, na kwamba ulimpa sharti moja: auimbe kwa mahadhi yake ya kweli au auache ardhini na Delmer.

Aliiweka simu yake mezani irekodi, akanipigia nota moja kwenye gitaa, akasema babu Delmer alipenda kuanzia hapo. Nikafumba macho, nikamwona nyumbu, nikaimba hadi mwisho. Nilipofumbua macho Raelyn alikuwa amejishika mdomo. Alitoka nje, akazunguka uani kwa muda mrefu, akarudi macho yakiwa na maji, akaniambia tu kwamba Jumamosi ya wiki ijayo ataimba Lexington na kwamba lazima niende. Nikajua imekwisha. Nikajua mtoto amesikia kutu.

Nilikwenda, dada, kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Ukumbi ulikuwa ghala la tumbaku zamani. Ukivuta pumzi kwa nguvu bado unainusa. Nilikaa karibu na mlango ili nikitaka kutoka nisimsumbue mtu. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa mji wa Hazard, kofia magotini, akaniuliza kama mimi ni mpenzi wa muziki au nimeletwa na watoto. Nikamwambia nimeletwa na mjukuu wa kaka yangu. Akasema, afadhali wewe, mimi nimeletwa na mke wangu, na yeye mwenyewe amesinzia.

Raelyn aliimba nyimbo zake. Sikufichi, ni nzuri kuliko zetu. Kuna mmoja wa jinsi baba yake anavyoosha mikono baada ya kuendesha lori la makaa, kabla hajambeba mtoto. Ana koo la Delmer, lakini subira ya kusubiri neno ni ya Mama. Mwishoni akasema ana wimbo mmoja ambao si wake. Akasema ndugu wawili wamegombana juu yake, kila mmoja akiapa kuwa mwenzake amekosea, na kwamba yeye amewarekodi wote wawili, mmoja Kentucky na mwingine Ohio, bila mmoja kujua habari za mwenzake. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kwanza akaiweka sauti yako peke yake kwenye vipaza sauti. Ova, ulikuwa unatetemeka kidogo, lakini ulikuwa juu, safi, kama zamani. Watu walishusha pumzi. Nikasema moyoni, ndiyo hivyo, amempa Ova ushindi, naye anastahili. Kisha akaiweka yangu. Nikaisikia sauti yangu peke yake kwa mara ya kwanza maishani! Inapanda pasipo pa kupanda, inakaa neno moja kwenye nota moja kama punda aliyegoma, halafu inaruka mahali ambapo hakuna mtu angeruka. Yule mzee wa Hazard akaniinamia, akaninong'oneza, huyu wa pili je, anaimba au anatafuta ng'ombe aliyepotea? Nikamwambia huenda ni ng'ombe. Nikashika kofia yangu nisimame.

Hapo ndipo Raelyn alipoziweka zote mbili kwa pamoja.

Sijui nikuandikie vipi. Zililingana, dada. Kila neno. Ulipopanda wewe, ule mruko wangu wa kijinga ulikuwa unakupokea chini. Nilipogoma mimi kwenye nota yangu, wewe ulikuwa unanizunguka. Hatukuwa tumepotoka hata kidogo, si wewe uliyebaki wala si mimi niliyeondoka. Lakini kati ya sauti yako na yangu palikuwa na nafasi, tupu, wazi, kama kiti katikati ya watu wawili waliokaa. Ukumbi mzima uliisikia nafasi ile. Mzee wa Hazard aliinama mbele. Na mimi, mtu niliyesoma vitabu vyote hivi, nilikuwa wa mwisho kuelewa kwamba ile ilikuwa nafasi ya Delmer. Wimbo wenyewe ulikuwa wake. Wewe huujui, Ova. Mimi siujui. Hatujapata kuujua. Maisha yetu yote tumegombania wimbo ambao kila mmoja wetu alikuwa na ukuta wake mmoja tu.

Raelyn akasogea mbele, akaanza kuimba hapo katikati. Aliniambia baadaye kwamba alikaa wiki nzima akisikiliza sauti zetu mbili, akitafuta njia ipitayo baina yake bila kuzigusa, na kwamba kila alipokosea, sisi wawili tulimsukuma arudi. Anasema si kila nota ana uhakika nayo. Mimi ninao. Alipofika kwenye “nitakuletea kidogo viganjani” nilisikia Delmer akiwa na miaka kumi na miwili, baridi imemkaa puani. Mzee wa Hazard akanigeukia kusema neno, akaniona nilivyo, akanipa leso yake. Halafu akaniuliza polepole, yule wa ng'ombe ni wewe? Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, basi nisamehe, bwana, umempata.

Sasa nina jambo la kukuungamia, na nimeliacha hadi hapa kwa sababu ni zito kuliko yote. Mwaka uliofuata baada ya mazishi ya Delmer nilijitafutia mahali pa kuzikwa hapa Hamilton, kwenye makaburi yaliyo nyuma ya barabara kuu, kati ya watu nisiowajua. Sikumwambia yeyote. Sikufanya kwa hasira juu yako. Niliona kwamba mtu aliyeusahau wimbo wa mama yake hana la kusema akilazwa pembeni yake, na kwamba ni heshima zaidi kukaa nilikokimbilia. Nimeishi na uamuzi huo kimya kimya, nikipita pale kwa basi kila Alhamisi nikienda maktaba, nikipaangalia kama mtu anavyoangalia nyumba atakayohamia asiyoipenda.

Leo asubuhi nilimpigia mtunza makaburi nikamwambia ampe mtu mwingine mahali pale. Akaniuliza kama nimepata mahali pazuri zaidi. Nikamwambia pana baridi, jua halifiki hadi Juni, na ni lazima jeneza libebwe kwa mikono kwa sababu gari haliwezi kupanda. Akanipongeza.

Nitakuja Jumapili ya Kupamba Makaburi, Raelyn ndiye atakayeniendesha. Yeye atatutolea sauti ya kuanzia. Ukiweza kupanda kwa fimbo, panda. Usipoweza, vijana wa kanisa watakubeba kwenye kiti, na usiwapige. Nitaleta keki ya matufaha makavu, ya dukani, utaidharau na utaila. Nisalimie watu wote wa bondeni, na mchungaji, na mbwa wake kama bado yu hai na ametusamehe.

Na kabla sijafika, dada, nakuomba upande au umtume mtu mwenye macho mazuri, anipimie nafasi pale juu, upande wa Delmer. Asiniweke karibu naye mno. Alikuwa akikoroma.

Mdogo wako, na wa sauti ya chini,

Verlin Gabbard